Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Udongo Jangwani

Barua zilizotufikia safari hii zinatoka mbali, na zote zinahusu jambo moja: nyumba za matofali ya udongo yasiyochomwa katika nchi kavu. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa aliyeiandika amebakiwa na siku chache kabla ya mafundi kuanza kazi.

Swali: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Dodoma, lakini tumeishi Tucson, Arizona, kwa miaka kumi na miwili. Mwaka jana tulinunua nyumba ya zamani ya matofali ya udongo, yale ambayo huku huitwa adobe. Ina vyumba vinne, paa la bapa, na kuta ambazo unene wake unazidi kidogo urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Wamiliki waliotutangulia waliipiga lipu ya saruji nje yote. Sasa ndani, chini ya ukuta wa mashariki, rangi inabanduka na unga mweupe unatoka, na nikigonga lipu ya nje mahali hapo inalia kama debe tupu. Mkandarasi ametushauri tubandue lipu mbovu, tupige saruji mpya iliyo ngumu zaidi, kisha tumwage zege kuzunguka nyumba ili maji yasiguse ukuta. Mume wangu ameridhika. Mimi nasita, kwa sababu bibi yangu kule Mpwapwa alikandika tembe lake kwa udongo na samadi miaka yote na sikuwahi kuuona ukuta wake ukitoa unga. Je, tumfuate mkandarasi? Na je, tunaweza kupanua madirisha, maana ndani kuna giza? — Mama Wawili, Tucson

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwombe mkandarasi asubiri, na mwambie baba watoto kwamba sababu za kusubiri zimo katika maelezo haya.

Unga huo mweupe ni chumvi. Maji yaliyo ardhini hupanda katika tofali la udongo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, na yanapopanda hubeba chumvi iliyomo ardhini na katika udongo wenyewe. Ukuta ulio wazi, au uliokandikwa kwa udongo kama wa bibi yako, huyatoa maji hayo kwa njia ya mvuke pande zote mbili, karibu na chini, na madhara yake huwa madogo. Ukuta uliovikwa saruji upande wa nje hauna njia ya kuyatoa huko, kwa hiyo maji hupanda juu zaidi au hutafuta njia ya ndani. Yakifika usoni hukauka, chumvi ikabaki na kuganda kuwa fuwele, na fuwele hizo zinapokua hulivunja tofali punje kwa punje. Rangi yako inabanduka kwa sababu inasukumwa kutoka nyuma.

Kuhusu sauti ya debe, hiyo ina maana kwamba lipu imeachana na ukuta. Saruji na udongo havitanuki wala kusinyaa kwa kadiri moja, na lipu ya namna hiyo kwa kawaida hushikiliwa na wavu wa waya uliopigiliwa misumari, si kwa kushikamana na tofali lenyewe. Baada ya miaka kadhaa ya jua la Arizona hupata nyufa nyembamba kama uzi. Tucson hupata mvua chache, kiasi cha milimita 300 tu kwa mwaka, lakini karibu nusu yake huanguka katika majira ya joto, wakati wa tufani za Julai hadi Septemba, na huanguka kwa kishindo huku upepo ukiisukuma ukutani. Maji huingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Lipu mpya iliyo ngumu zaidi itauficha ugonjwa huo kwa miaka mitano au sita tu, na siku utakapokuja kuufunua, tofali litakuwa limerudi kuwa tope.

Hili limewahi kuonekana mbele ya macho ya watu wengi. Katika kijiji cha Ranchos de Taos, kaskazini mwa New Mexico, liko kanisa la San Francisco de Asís lililojengwa kwa adobe, na waumini wake walikuwa na desturi ya kulikandika upya kwa udongo. Mwaka 1967 lilipigwa lipu ya saruji ili watu wapumzike na kazi hiyo. Unyevu ulijikusanya nyuma ya lipu, kuta zikaanza kuoza, na mwaka 1979 saruji ikabanduliwa, watu wakarudi kwenye udongo wao. Karibu na kwako zaidi liko kanisa la San Xavier del Bac, lililojengwa kati ya 1783 na 1797. Hilo ni la matofali ya kuchoma, lakini nalo lilipovikwa saruji katika karne iliyopita unyevu uliokwama ulianza kuharibu michoro ya ndani, na mafundi wakalazimika kuibandua saruji na kupiga lipu ya chokaa iliyochanganywa na utomvu wa mpungate, ule mmea wa miiba ulioenea kote huko. Mkienda kulitembelea, mwombe baba watoto auguse ukuta kwa kiganja.

Kuhusu zege la kuzunguka nyumba: hilo ni baya kuliko lipu. Ardhi iliyo kando ya ukuta ndiyo sehemu ambapo unyevu wa chini ungetokea hewani. Ukiiziba kwa zege, njia pekee inayobaki kwa unyevu huo ni ukuta wako.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na kazi ya kwanza haihitaji mwiko. Tafuta maji yanatoka wapi. Umeniambia ni ukuta wa mashariki peke yake, na hiyo ni habari njema, maana ingekuwa ni maji ya ardhini tu, kuta zote zingelalamika. Panda juu ya paa ukiwa na mtu wa kushika ngazi. Nyumba nyingi za zamani za Tucson zina mashine ya kupozea hewa kwa maji juu ya paa, na mashine hiyo ina mpira mwembamba wa kumwaga maji yaliyozidi chumvi. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya aina hiyo, tukafungua lipu ya chini kipande cha urefu wa hatua moja, na mwiko ukazama ukutani kama kijiko kwenye uji mzito. Tulihangaika siku mbili kuchunguza msingi. Siku ya tatu mtoto wa mwenye nyumba, aliyekuwa akicheza uani, akatuonyesha tone moja likianguka kutoka ukingo wa paa, kisha jingine, kisha jingine: ule mpira ulikuwa umetoka mahali pake, na maji yalikuwa yakiteremka nyuma ya lipu kila siku ya joto kwa miaka isiyojulikana. Kuurudisha mahali pake kulichukua dakika tano. Kuukausha ukuta kulichukua miezi saba.

Kagua pia milizamu inayotoa maji ya paa: je, inayatupa mbali na ukuta, au imekatwa fupi hivi kwamba maji yanarudi kuulamba? Kagua kichwa cha ule ukuta mfupi unaozunguka paa, kwa kuwa huko juu ndiko nyufa huanzia na hakuna anayetazama. Bomba la bustani, maua yanayomwagiliwa chini ya dirisha, udongo uliorundikwa miaka na miaka hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani, vyote ni washukiwa. Mvua kubwa itakaponyesha, vaa koti, utoke nje uitazame nyumba yako ikilowa. Hakuna mtaalamu atakayekueleza zaidi ya utakayoyaona katika nusu saa hiyo.

Chanzo kikishazibwa, fungua lipu ya chini ya ukuta huo kwa upana wa kama sentimita 30 kutoka ardhini, kwa vipande vifupi vinavyopishana, na kamwe usiubandue ukuta mzima kwa siku moja. Kabla ya kugusa chochote, simamisha nguzo za muda ndani chini ya boriti zinazoegemea ukuta huo. Tofali lililolowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na wakati mwingine lile ganda la saruji ndilo linalozuia matope yasitoke. Ukiliondoa pasipo mwega, ukuta unaweza kukaa chini na paa likaufuata. Ukishafungua, acha. Usiweke hita wala feni kubwa, kwa sababu uso ukikauka haraka kuliko kiini ukuta hupasuka. Hewa ya jangwani itafanya kazi hiyo bila malipo.

Palipolika panapaswa kujazwa kwa matofali ya namna ileile. Adobe ya kawaida katika eneo hilo huwa na urefu wa kama sentimita 35, upana 25 na unene 10, na uzito wa takriban kilo 15, kwa hiyo usimwachie mtu mmoja kazi ya kubeba kutwa nzima. Huko huuzwa pia matofali yaliyotiwa kiasi kidogo cha lami ili yasiyeyuke kwa maji. Ni mazuri kwa ujenzi mpya, lakini mimi siyapendi kama viraka katika ukuta mkongwe, kwa kuwa hayanyonyi na kutoa unyevu sawa na jirani zake. Mnaweza kufyatua yenu. Chukua udongo, jaza theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uiweke chupa mahali tulivu. Mchanga hutua karibu papo hapo, vumbi laini hutua baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi hukawia hadi kesho yake. Mfinyanzi ukikaribia robo ya kina chote, udongo unafaa. Ukizidi sana, tofali litapasuka likikauka, na ukipungua sana litamumunyuka mkononi. Changanya na nyasi kavu zilizokatwa, fyatua, anika, geuza likae ubavu baada ya siku chache, na lipe kama mwezi mmoja. Likianguka kwa kona kutoka usawa wa kiuno na lisivunjike vipande, limeiva. Udongo wa kujengea uwe uleule wa tofali. Mtu akikuletea mfuko wa saruji kwa ajili ya kazi hiyo, mshukuru na umrudishie.

Kwa lipu ya nje ningechagua chokaa. Udongo mtupu ni mzuri na ndio ninaoupenda, lakini unadai kukandikwa tena kila baada ya mwaka mmoja au michache, na nyumba za Tucson za paa la bapa hazina upenu wa kuukinga ukuta. Bibi yako alikuwa na muda na majirani, nanyi nyote wawili mnafanya kazi. Chokaa huruhusu mvuke kupita na inastahimili mvua, kama kuta za Lamu na Mji Mkongwe zinavyoshuhudia. Pigeni matabaka membamba, kila tabaka kama sentimita moja, na kila moja lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na kunyunyiziwa maji siku kadhaa kabla ya tabaka linalofuata. Msifanye kazi hiyo Juni, kwa sababu jua litanyonya maji kabla chokaa haijashika, na mtabaki na unga. Oktoba, Novemba, au Machi hadi Aprili ndiyo miezi yake. Vaeni miwani. Chokaa mbichi ikiingia jichoni haina mzaha. Ndani ya nyumba, kandikeni kwa udongo laini na mmalizie kwa chokaa ya maji, na msipake rangi ya plastiki hata ikiwa imeshushwa bei.

Sasa madirisha. Usiyapanue. Katika nyumba hizi ukuta ndio nguzo, na nafasi kati ya dirisha na kona ya nyumba ndiyo inayobeba mzigo wa paa. Yako mambo mawili unayoweza kufanya kwa amani. La kwanza ni kuzichonga pande za ndani za dirisha zitanuke kuelekea chumbani, kama faneli, na kuzipaka chokaa nyeupe. Ukuta ukiwa mnene kama wako, tofauti utaiona siku hiyohiyo. La pili, endapo chumba kimoja kinahitaji nuru zaidi, ni kuliteremsha dirisha liwe mlango wa kioo chini ya linta ileile na kwa upana uleule, kwa sababu huko chini ya dirisha ukuta haubebi kitu. Hata hivyo, kama nyumba yenu imo katika mtaa uliotengwa kihistoria, nendeni kwanza ofisi ya jiji, kwa kuwa mabadiliko ya sura ya nje hupitiwa kabla ya kibali kutolewa. Mji huo una sababu ya kuwa makini: mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya mitaa yake ya kale ya adobe ilibomolewa kupisha ukumbi wa mikutano, na kilichosalia sasa kinatunzwa kwa majuto.

Hukuniuliza kuhusu joto, lakini nitakuambia. Ukuta wenu haulizuii joto, unalichelewesha. Jua linalopiga ukuta alasiri huhisiwa ndani baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili kupita, yaani usiku, wakati jangwa limekwisha kupoa. Fungueni madirisha usiku na myafunge saa mbili asubuhi pamoja na mapazia. Fedha ya kuhami joto ipelekeni kwenye paa, ambako jua hupiga kutwa nzima.

Swali: Asalaam aleikum Mwalimu. Babu yangu alirudi Oman kutoka Unguja baada ya 1970, na familia ilikuwa na nyumba ya udongo ya ghorofa mbili kule Al Hamra, ndani kabisa, chini ya milima. Imeachwa tangu sote tulipohamia nyumba za bloku. Paa la magogo ya mitende limeanguka upande mmoja. Binamu zangu wanataka ibomolewe. Mimi nataka niitengeneze nilale humo wakati wa likizo. Nimeambiwa niipake saruj ya Kiomani yote. Nianzie wapi? — Mjukuu, Maskati

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Anzia kwa binamu zako. Nyumba hiyo bila shaka ina warithi wengi, na nimeona kazi nzuri ikisimama katikati kwa sababu mtu mmoja aliyeko ng'ambo hakuulizwa. Mkishaandikiana, anza na kichwa cha kuta. Ukuta wa udongo ulio na paa huishi karne kadhaa. Usio na paa huyeyuka kuanzia juu, kila mvua ikichukua sehemu yake. Msimu huu, hata kabla hujapata fedha za paa, visha kuta zote zilizo wazi kofia ya udongo wenye nyasi nyingi, yenye mgongo ili maji yateremke, na uifanye upya kila mwaka hadi paa lirudi.

Saruj, ambayo msomaji asiichanganye na saruji ya dukani ingawa majina yamekaribiana, hutengenezwa kwa udongo uliochomwa na kusagwa. Waomani waliitumia kwenye mifereji yao ya kale ya maji iitwayo falaji, matangi na ngome, mahali pa kushindana na maji. Itumie huko huko: vichwa vya kuta, bafu, milizamu, na mkanda wa chini unaorushiwa matone. Katikati ya ukuta weka udongo na nyasi.

Magogo ya mitende yanunuliwe yaliyokauka vizuri na yakaguliwe kwa mchwa, na chini ya kila kichwa cha gogo lazwe ubao wa kugawanya uzito, kwa maana gogo likikaa moja kwa moja juu ya udongo hutoboa ukuta taratibu. Juu yake huja makuti yaliyosukwa, kisha udongo. Utaona kuwa vyumba vya babu yako ni vyembamba. Upana wake uliamuliwa na urefu wa gogo. Kwenye miji ya pwani ya Ghuba aliyeamua alikuwa mkoko wetu: boriti za Lamu na Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi kwenda kuezeka nyumba za huko, na zile za Lamu zilikoma Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Wapeleke binamu zako Nizwa, mtaa wa Al Aqr, waone nyumba za udongo zilizokuwa magofu na sasa zinalaza wageni kwa malipo. Hapo Al Hamra penyewe kuna Bait al Safah, nyumba kongwe inayopokea watalii. Na ngome ya Bahla, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1987, ilikuwa imeharibika kiasi kwamba mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa hatarini. Iliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2004, baada ya ukarabati wa miaka mingi. Nyumba yenu ya ghorofa mbili haiwezi kuwashinda.

Swali: Fundi, tunataka kupanga nyumba ya adobe nje kidogo ya Las Cruces, lakini mke wangu anaogopa nge na mchwa. Je, udongo huwavutia? — Msomaji, New Mexico

Jibu: Mchwa hawali udongo, wanautumia kama barabara ya kufikia linta na boriti. Acha nafasi tupu kuzunguka nyumba, bila kuni wala mbao zilizoegemezwa ukutani, na kagua mara mbili kwa mwaka vijia vyembamba vya tope vinavyopanda juu. Nge hukaa kwenye nyufa, hivyo mwombe mwenye nyumba azikandike, na mweke kizuizi cha mpira chini ya kila mlango. Kabla ya kutia saini mkataba, nunueni tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) na mzunguke nyumba hiyo usiku: nge hung'aa kijanikibichi chini ya mwanga huo, na mtaweza kuwahesabu mmoja mmoja.